Jarida Nililomsomea Kaka

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kaka yangu. Chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza kilipita kwangu kwanza: karatasi za dawa, maandishi ya kwenye maboksi ya waya, barua za chama, hata zile jumbe za simu zinazomwambia mtu ameshinda kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishinda. Hakuna aliyeniajiri kwa maneno. Lakini nilifutwa kazi hiyo, Jumapili moja mchana, ndani ya chumba changu mwenyewe huku Kabiro, Kawangware, mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia siku hiyo kwa namna ambayo kosa litagawanyika, lipate angalau kipande cha kumwangukia mtu mwingine. Haiwezekani.

Kaka alinizidi miaka saba. Baba alipofariki kule kwetu Kitui, yeye alikuwa darasa la tano na mimi nilikuwa ndiyo naanza shule. Mama alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na hata huyo mmoja kwa shida. Sijui walizungumza nini usiku ule, yeye na mama. Ninachojua ni kwamba muhula ulipofunguliwa mimi nilivaa sare, na yeye alivaa suruali ya baba iliyokunjwa miguuni akaenda kuchimba mchanga. Baadaye alikuja Nairobi, akajifunza kazi ya stima kwa fundi mmoja, na kuanzia hapo kila darasa nililopanda, yeye alikuwa juu ya dari ya nyumba ya mtu akivuta waya.

Nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kufundisha darasa la tatu katika shule ndogo ya binafsi huku Kawangware, alianza kuniita Mwalimu. Nami nikamwita Fundi. Majina yetu tuliyobatizwa nayo yakabaki kwenye vitambulisho. Alikuwa akiishi mtaa wa Silanga, karibu na bwawa, katika chumba cha mabati kilichokuwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Kila Jumapili baada ya kanisa alitembea kwa miguu kutoka huko, akapita mtaa wa Ayany, akaja hadi kwangu, na mfukoni kulikuwa na karatasi fulani ya kusomwa.

Siku moja hakuja na karatasi. Alikuja na jarida zima, amelificha ndani ya shati kwa sababu ya manyunyu. Alikuwa akibadilisha nyaya katika nyumba moja kubwa ambayo wenyewe walikuwa wanahama kurudi kwao ng'ambo, na rundo la majarida lilikuwa limewekwa getini lingojee kuchomwa. Angeweza kubeba yote akawauzia watu wa kufungia njugu. Alichukua moja tu, lile lenye picha ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, matumbo yote nje. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kuliweka kitandani pangu.

"Mwalimu, hebu niambie. Hawa watu wanafanya nini hapa?"

"Wanaunda kompyuta yao wenyewe. Wananunua vipande, wanaunganisha nyumbani."

"Nyumbani? Si kwa kiwanda?"

"Kwa meza ya jikoni. Ona, hata kuna kikombe cha chai hapo kando."

Kile kikombe ndicho kilichommaliza. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama kompyuta. Alikuwa amedhani vitu vile hutengenezwa na watu waliovaa makoti meupe, mahali penye milango ya kufunguka yenyewe, na sasa hapa palikuwa na mtu wa kawaida, mwenye kucha chafu kidogo, ameweka chai yake karibu na bisibisi. Magoti ya kaka yangu yalikuwa yameanza kugoma kwa sababu ya kupanda ngazi miaka yote ile. Alitaka kazi ya kufanya ameketi. Alitaka meza pale Silanga ambapo watu wangemletea kompyuta zilizokufa naye azifufue. Lakini alikuwa na msimamo wake.

"Siwezi fungua ya mtu kama sijawahi funga yangu," alisema. "Tutaunda moja kwanza. Wewe usome, mimi nishike."

Najua kuna watakaouliza kwa nini hatukutazama video kama watu wengine. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, ya tochi na redio tu. Yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka, na bando nilizonunua ziliisha kabla yule wa kwenye video hajamaliza kuwasalimu wafuasi wake. Lakini huo si ukweli wote. Ukweli ni kwamba tulipenda kusoma. Ndiyo njia pekee tuliyoijua ya kuketi pamoja, kwa sababu kwetu watu hawaambiani kwamba wanapendana.

Alilifunika jarida kwa karatasi ya kaki, kama vitabu vya shule. Tukaanza. Mimi nilisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha nikaieleza kwa Kiswahili, kisha yeye akairudia kwa Kikamba, taratibu, mikono yake ikiigiza hewani. Kikamba kikitoka sawa, tuliendelea. Kikitoka upande, nilimsahihisha kwa ile sauti yangu ya darasani, naye alisema, "Rudia hapo," nami nikarudia. Kurasa tisa zilituchukua mwaka mzima. Vipande navyo vilikuja kimoja kimoja, kutoka kwa wauzaji wa mitumba ya kompyuta mjini, na vyote vililala chini ya kitanda changu kwa sababu kwake unyevu ungeviua.

Alivipa majina yake. Madabodi, lile bamba kubwa ambalo kila kitu huchomekwa juu yake, aliliita shamba. Prosesa, kile kijipande cha mraba kinachofanya hesabu zote, alikiita mkubwa, na alipokishika alizungumza kwa sauti ya chini. Jarida lilisema mtu apake dawa nyeupe juu ya prosesa, kiasi cha minji moja, yaani punje ya njegere. Jumapili iliyofuata alikuja na minji mfukoni, minji ya kweli, ili tupime. Alikuwa amepewa na mama mmoja anayeuza mboga Silanga, mtu wa kutoka upande wa Busia, aliyelea watoto wake peke yake. Nilianza kuona kwamba huyo mama anaingia katika mazungumzo yetu kila wiki. Leo minji, kesho namna anavyokata sukuma wiki nyembamba kuliko mashine. Nilimtania, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta skrubu.

Kuna sehemu jarida lilisema mwili wa mtu una umeme wake mdogo, usiouona, na kwamba unaweza kuua kifaa ukikigusa tu. Kaka alicheka hadi akajipangusa machozi. Miaka yote hiyo akipigwa na umeme kwenye madari ya watu, na sasa anaambiwa ajihadhari na umeme wa ngozi yake! Lakini alifuata. Alifunga waya wa shaba kwenye kifundo cha mkono, ncha nyingine akaifunga kwenye nondo za mlango. Tulikunja kapeti yangu ya plastiki tukaisimamisha kwenye kona. Jirani yangu, mama mwenye kupika chapati za kuuza, alichungulia akamwona kaka yangu amesimama peku, kwa fulana, amefungwa mlangoni kwa waya.

"Mwalimu, huyu amefanya nini?" aliuliza. "Nikuitie chifu?"

Tulicheka vibaya sana siku hiyo. Nikikumbuka kicheko kile, ndipo ninapotamani kuinuka nitoke nje, nitembee tu.

Kila alipolibishia jarida, jarida lilishinda. Alipotaka kukisukuma kwa nguvu kipande cha kumbukumbu kilichokataa kuingia, nilimsomea kwamba kina pengo dogo upande mmoja na kwamba ukikigeuza kitaingia chenyewe. Akakigeuza, kikaingia, kikalia tak. "Aisee," alisema, "hawa watu wanajua." Nami niliuchukua ushindi huo kama wangu. Pole pole nilianza kujiona kama niliyeliandika hilo jarida. Maneno nisiyoyajua niliyapita haraka, au nikayatungia maana papo hapo, kwa sababu mbele ya darasa la tatu mwalimu akisema hajui, siku hiyo imeisha. Nilikuwa nimemgeuza kaka yangu kuwa darasa la tatu, na sikuona.

Basi ikafika Jumapili ya kuwasha. Kila kitu kilikuwa mahali pake ndani ya kasha, na tulikuwa tumeazima skrini shuleni kwetu. Kaka alikuja amevaa shati la kanisa lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Na hakuja peke yake. Alikuja na yule mama wa mboga, aliyejifunga kitambaa cha buluu, amebeba mboga za terere na vitunguu kwenye mfuko kama mgeni anayekwenda kwa watu wa maana. Jirani wa chapati alikuja na sahani. Wapangaji wenzangu wa ploti wakasimama mlangoni, wawili wakiwa na taulo, kwa sababu habari kwamba fundi wa Mwalimu amejitengenezea kompyuta ilikuwa imefika hadi bafuni.

"Huyu ndiye Mwalimu," kaka alimwambia yule mama. "Yeye ndiye anasoma. Mimi nashika tu."

Alisema kwa fahari. Fahari ile haikuwa yake, ilikuwa yangu. Alikuwa akinionyesha mimi, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

Tulibakiza ukurasa mmoja, wa mambo ya kukagua kabla ya kuwasha. Nikasoma kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Waya hizi ziko sawa, ziko sawa. Feni imefungwa, imefungwa. Kisha nikasoma kwamba nyuma ya pawa, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme, kuna swichi ndogo nyekundu, na kwamba mtu ahakikishe iko kwenye 115.

Kaka hakurudia kwa Kikamba. Aliinama nyuma ya kasha akatazama.

"Hapa iko kwa 230, Mwalimu. Ndivyo ilikuja."

"Basi isukume iende 115."

"Lakini stima ya huku ni volti mia mbili na arobaini."

"Kitabu kimesema 115."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kwa nguvu zaidi. Akasogea karibu nami, akashusha sauti. Leo najua aliishusha ili asiniaibishe.

"Labda hao wako na stima tofauti na yetu," alisema. "Hii ya stima ndio kazi yangu, Mwalimu. Tuangalie vizuri."

Sikusikia ushauri. Nilisikia nabishiwa mbele ya watu. Nina ulimi mkali, kila mtu katika ukoo wetu anajua, na siku zote nimeona ni kama ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao watu wengine ndio wa kuuvumilia. Nilipiga ukurasa kwa kidole.

"Fundi, hapa tunafuata kitabu. Hatufuati mtu wa class five."

Jirani yangu, ambaye hucheka hata matangani, hakucheka. Kaka alimtazama yule mama wa mboga, haraka, kisha akaitazama mikono yake. Masikio yake yalibadilika rangi. Ningeweza kulirudisha neno pale pale. Lilikuwa bado la moto, watu wangedhani ni utani wa ndugu. Sikulirudisha. Nilisimama na jarida langu nikingoja atii.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Akachukua bisibisi na kwa ncha yake akaisukuma swichi hadi 115. Akachomeka waya ukutani.

Mlipuko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtoto wa chumba cha tatu alianza kulia. Moshi ulitoka nyuma ya kasha, mweusi, wenye harufu ya plastiki na ya samaki aliyeungua. Stima ya ploti nzima ilikatika, na mahubiri yaliyokuwa yakitoka kwenye redio kumi kwa wakati mmoja yakanyamaza yote. Watu walikimbia wakirudi nyuma, kisha wakarudi mbele kuangalia. Kaka alikuwa ameshachomoa waya. Alinisukuma hadi mlangoni kwa mkono mmoja, akaniuliza kama nimeumia, akaniangalia macho na vidole. Kisha akaenda kurekebisha stima ya ploti, maana watu walikuwa wanalalamika.

Aliporudi alifungua kasha akanusa. Pawa lilikuwa limekwisha. Shamba nalo lilikuwa na doa jeusi pembeni, na muuzaji mmoja wa mjini alithibitisha baadaye kwamba limekufa pamoja na mkubwa wake. Kaka hakunilaumu hata kwa jicho. Alikula chapati mbili. Alimsifu jirani kwa chapati. Yule mama alinisaidia kufagia, na wakati wa kuondoka alinishika mkono akasema, "Pole, Mwalimu," nami kwa kiburi changu nikadhani ananipa pole ya kompyuta.

Jioni hiyo hiyo nilikiona. Chini kabisa ya ukurasa, ndani ya kisanduku cha rangi ya kijivu, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba wasomaji wanaoishi katika nchi zenye umeme wa 220 hadi 240 waiache swichi kwenye 230. Sentensi moja tu, Kiingereza chepesi, hata darasa la tatu wangeielewa. Mwaka mzima nilikuwa nimeviruka visanduku hivyo nikidhani ni matangazo ya biashara.

Kesho yake nilipotoka shule nilienda moja kwa moja Silanga. Nilimkuta kaka ameketi kando ya kibanda cha yule mama, akimpangia nyanya kwa mafungu. Nikamwambia mbele ya yule mama, kwa sababu niliona ni haki nijiaibishe mahali pa wazi: "Fundi, nisamehe. Kulikuwa na kisanduku sikukisoma. Kilisema tuache vile ilikuwa."

"Ni sawa," alisema. "Hata mimi huruka vitu."

Akanisindikiza hadi Ayany, tukazungumza habari za nyumbani, za mvua na za mbuzi wa mama. Nilirudi Kabiro nimepumua. Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimeomba msamaha wa kisanduku. Lile neno sikuligusa. Nilijiambia kulitaja ni kumchoma mara ya pili, kwamba yeye ni mtu mzima, ameshasahau, kwamba ndugu huambiana makubwa kuliko hayo. Yote hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye aibu.

Aliendelea kuja Jumapili. Hilo ndilo lililonichelewesha kuona. Alikuja na sukuma, alikuja na salamu, mara nyingine alikuja na yule mama, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mke wake kwa kila namna isipokuwa cheti. Lakini mifuko yake ilikuwa mitupu. Hakuna karatasi. Mwanzoni nilidhani imetokea tu kwamba wiki hiyo hakuna cha kusoma. Kisha simu yake ililia akiwa kwangu, ujumbe ukaingia, nikanyoosha mkono kama siku zote. Akaigeuza simu kifudifudi kwenye goti.

"Ni ya tokeni za stima tu," alisema.

Tangu lini mtu akaufahamu ujumbe kabla ya kuusoma? Nikaurudisha mkono wangu. Jarida lilibaki chini ya kitanda changu ndani ya kaki yake na hakuliulizia tena. Kasha alilibeba akalipeleka Silanga, na siku moja nilipowatembelea nililikuta kibandani limelazwa chali, limejaa vitunguu. Alirudi kwenye ngazi na madari. Ile meza ya kufanyia kazi ameketi hakuitaja tena, na magoti yake aliyafunga bendeji asubuhi akayafungua jioni.

Mimi nami nilianza kupunguza kwenda. Kuna wiki nilisema nina madaftari ya kusahihisha, na kweli yalikuwapo, kwa sababu madaftari hayaishi. Niliona uchungu kuketi mbele yake bila kitu cha kusoma. Hatukuwa tumewahi kujifunza njia nyingine. Sasa najua kwamba yeye alidhani namkwepa kwa sababu ya Silanga, kwamba shule imenipandisha mahali ambapo tope la bwawa linanuka. Mke wake ndiye aliyeniambia, kaka tukiwa tayari tumeshamzika. Tulimzika kwetu, karibu na baba, mchanga mkavu ukipeperuka kwenye nguo za watu. Watu wa kanisa waliniomba nisome historia yake kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nilisoma vizuri. Sikukosea hata neno moja, na nilijichukia kwa hilo.

Lakini mazishi siyo yanayoniamsha usiku. Kinachoniamsha ni Alhamisi moja mchana, wiki chache kabla. Mke wake alinipigia nikiwa darasani.

"Mwalimu, kuja uone kaka yako," alisema. "Amenikataza nikuambie, lakini mimi siwezi tena."

Nilimkuta ameketi kitandani, miguu imevimba hadi ngozi ikang'aa, uso umekuwa mdogo. Mke wake alitoka kutupikia chai. Kwenye kigoda kando ya kitanda kulikuwa na bahasha kubwa ya hospitali, ile ya kahawia, imechakaa pembeni kwa kubebwa. Nilimsalimu, nikaketi, na mkono wangu ukaenda kwenye bahasha wenyewe, bila mimi kuutuma, kama ulivyokuwa ukienda tangu nikiwa msichana.

Akaweka wake juu ya bahasha. Hakuwa na hasira.

"Ishasomwa, Mwalimu."

"Na nani?"

"Mke wangu amenisomea. Zote. Tangu kliniki ya kwanza."

"Umeenda kliniki mara ngapi?"

"Sita."

Mara sita alikuwa amepanga foleni, akapewa karatasi, akazibeba, na mara sita hakuzileta kwangu Kabiro. Kilichonitoka mdomoni kinaonyesha mimi ni mtu wa aina gani. Sikumuuliza anaumwa nini. Nilisema, "Fundi, hiyo ni Kiingereza ya daktari. Ataiweza?"

Alinitazama kwa upole ambao sikuustahili.

"Hawezi yote," alisema. "Lakini akifika kwa neno hajui, ananiambia hajui. Tunalizungushia kalamu, tukirudi tunauliza daktari."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nilichopaswa kumwambia miaka mitatu nyuma, mbele ya watu wale wale, jarida likiwa bado mkononi. Nikamwambia lile neno la class five nilisema kwa ujinga, kwamba ni yeye aliyenisomesha, kwamba kila herufi ninayoijua imepita kwenye magoti yake. Nilisema mengi, bila mpango, kamasi zikinitoka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipa kitambaa chake cha mkononi.

"Kwani ulidanganya?" alisema. "Si nilitoka class five."

Hakusema kwa kunichoma, na ndiyo sababu sina pa kujificha. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Nje nilisikia mke wake akipuliza jiko, akikohoa kwa moshi.

"Basi nikusomee hata ukurasa mmoja," nilimwambia. "Mmoja tu, Fundi. Nitasoma polepole. Nitasoma hadi zile ndogo za chini."

Alifikiria. Nataka niseme wazi kwamba alifikiria, alinipa nafasi, niliiona ikipita usoni pake. Kisha akashusha pumzi.

"Leo nimechoka, Mwalimu. Siku ingine," alisema, akaichukua bahasha akaiweka upande wa ukutani, ng'ambo ya mwili wake, mahali ambapo mkono wangu haungefika.